Daftari la Mwanakijiji na Chuo cha Habari

Mwaka juzi alitujia nyumbani jirani yetu mmoja hapa Mafia, mzee mwenye shamba la minazi na ngalawa moja. Aliketi barazani, akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwalimu, binti yangu amemaliza kidato cha nne, naye ataka kwenda Dar es Salaam kusomea habari. Nauliza mimi, habari nazo husomewa? Mbona twaulizana kila asubuhi wala hatutoi ada?” Tulicheka sote wawili, tukamwambia ya kuwa siku hizi husomewa, na serikali yataka hivyo. Akaenda akauza ngalawa. Mwezi uliopita amekuja tena, na safari hii hakucheka. Ngalawa imekwenda, imebaki minazi, naye ataka kujua kama kile alichokinunua kwa ngalawa kina thamani ya kumfanya aiguse na minazi.

Tumeona swali hili si la mzee huyu peke yake, maana wasomaji wetu wengi wana watoto waliopendezwa na sauti za redioni, nao wauliza ada italetwa na nini. Kwa hiyo tuliazima madaftari ya binti yule, ambaye yupo nyumbani kwa likizo, tukayasoma kwa muda wa siku tatu. Tena tukayaweka kando ya vitabu viwili vilivyoandikwa juu ya watu wa kisiwa hiki hiki. Tuliyoyaona twayaeleza hapa, pasipo kumpendelea mtu.

Msomaji asiyeifahamu Mafia na ajue kwamba ni kisiwa kinachokabili midomo ya mto Rufiji. Mtu hupanda chombo Nyamisati, akashukia Kilindoni penye soko na ofisi za wilaya. Na upande wa kusini mashariki viko visiwa vidogo, Chole na Juani na Jibondo. Watu ni wavuvi na wakulima wa minazi, wengi wao Waislamu, nasi Wakristo tu wachache kati yao, twaishi kwa ujirani mwema. Wageni hupenda kulifanyia mzaha jina la kisiwa kwa sababu ya genge la wahalifu wa Kitaliano, nao hawajui ya kuwa jina hili limo katika habari za kale za wafalme wa Kilwa, karne nyingi kabla genge lile halijasikiwa. Mzaha huo tumepata kuuona hata gazetini, umeandikwa na mtu aliyesoma. Basi kusoma peke yake si dawa, lakini tusitangulie.

Wako wasemao kwamba kuandika habari ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na chuo hakimwongezei mtu kitu. Neno hili si kweli, na sisi walimu ndio tusio na haki kabisa ya kulisema. Gazeti la Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka 1888, lilitoka katika chuo cha misioni cha Kiungani, na habari zake zililetwa na vijana na walimu waliofundishwa pale wakatawanywa vituoni. Kiongozi, gazeti la wakati wa Wadachi, lilipigwa chapa Tanga katika shule ya serikali, ambamo wanafunzi walijifunza na kazi ya chapa. Na Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923 lilikuwa mikononi mwa idara ya elimu. Gazeti la Kiswahili, basi, ni mtoto wa shule tangu mwanzo. Vyuo vya kazi hii yenyewe vilifuata baadaye: Nyegezi karibu na Mwanza, kilichoanzishwa na maaskofu wa Kikatoliki mwaka 1960 kwa mafunzo ya jamii, kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1975 na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Vidogo vilivyozaliwa baada ya hapo ni vingi, wala hatutavitaja.

Sasa tuyafungue madaftari. Mkufunzi amewaandikisha vijana maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na kwa namna gani. Amewafundisha kuweka neno kubwa juu na madogo chini, kama piramidi iliyopinduliwa, ili mhariri akikosa nafasi akate mkia asiumize kichwa. Liko somo la kashfa na sheria zake. Liko somo la kusikiliza pande zote mbili za ugomvi. Liko na somo la kukataa bahasha, yaani zile fedha anazotiwa mwandishi mkononi baada ya mkutano ili kalamu yake iwe laini. Haya yote tumeyasoma kwa furaha, tukasema moyoni kwamba ngalawa haikupotea bure.

Tena lile la piramidi lilitufikirisha sana, kwa maana linakwenda kinyume cha desturi yetu. Sisi pwani mtu akikuuliza “habari?” wamjibu “njema”, hata mtoto wako akiwa kitandani ana homa. Utaulizwa za nyumbani, utasema njema, za shamba, njema, ndipo baada ya kitambo utasema, “ila mtoto hajambo kidogo tu.” Na mleta tanzia haanzi na tanzia; huketi, akaomba maji, akazunguka kwanza. Kwetu neno kubwa liko mkiani. Binti yule alitwambia ya kuwa muhula wake wa kwanza alipata alama mbaya kwa sababu hii, na kila kazi yake ilirudi na mstari mwekundu chini ya maneno ya mwisho na mshale wa kuyapandisha juu.

Je, tuseme chuo kimeharibu adabu yetu? Hasha. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilitoka baharini, na tarehe 4 kikafika katika pwani ya kisiwa hiki. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa onyo siku zilizotangulia, na redio zikalirudia. Siku ile aliyetangulia kusema “njema” angalimwacha mvuvi aende zake baharini. Hatari ilitajwa kwanza, jina la mahali likafuata, na saa ikafuata. Watu wakavuta vyombo juu. Hapo tuliielewa piramidi ya mkufunzi kuliko tulivyoielewa daftarini. Na maneno yale yalitoka kinywani mwa wakubwa tu, nayo yalikuwa ndiyo yaliyotakiwa, kwa kuwa hakuna mwanakijiji awezaye kuiona tufani iliyo mbali baharini.

Walakini kimbunga hupita, nayo habari hubaki. Mnazi wa nani umeanguka? Yule mwenye mashua iliyovunjika alikuwa ameikopea? Hapo Mamlaka haina la kusema, na mwandishi aliyezoea kusubiri tangazo hukaa kimya. Magazeti tuliyoyaona sisi siku zile yaliandika mengi juu ya barabara ya kusini iliyokatwa na maji pale Somanga, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa mabasi yalisimama. Kisiwani kwetu hapakuwa na basi la kusimama.

Hii ndiyo kasoro tuliyoitafuta, nasi tuliipata wazi katika kazi moja ya binti yule. Twaomba msomaji atuvumilie tuieleze kwa urefu, maana ndiyo kiini cha maneno yetu.

Alipewa kazi ya kuandika habari ya kwao. Akaandika juu ya kufunga mwamba wa pweza. Katika vijiji kadha vya pwani yetu watu hupatana kuufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kwa sababu pweza hukua upesi mno; kisha siku ya kufungua, wakati wa bamvua, kijiji chote hushuka. Binti aliandika ya kwamba akina mama, ambao huokota pweza kwa miguu maji yakitoka, ndio wanaokaa na njaa mwamba ukifungwa, kwa kuwa hawana pa kwenda pengine. Na kwamba siku ya kufungua, vijana wenye miwani ya kuzamia huja na mashua wakawatangulia. Aliandika bei ya pweza kabla na baada. Aliandika jina la bibi yake mwenyewe, aliyepinga mkutanoni, na maneno aliyoyasema. Sisi twasema bila kusita ya kuwa ni kazi njema. Mengine tulikuwa hatuyajui, nasi twaishi hapa.

Mkufunzi aliirudisha na maneno matatu ya wino mwekundu: “Nani mwenye mamlaka?” Chini yake akamwagiza atafute afisa wa uvuvi amnukuu, na bibi amwondoe, kwa sababu ni jamaa wa mwandishi. Katika hili la pili mkufunzi alikuwa na nusu ya haki. Mtu asimtumie bibi yake kama shahidi pasipo kumwambia msomaji kwamba ni bibi yake. Dawa, hata hivyo, ilikuwa kusema hivyo waziwazi, na kuwatafuta akina mama wengine wawili watatu, na yule kijana mwenye miwani naye aulizwe. Kumwondoa bibi na kumweka afisa mahali pake ni kuuondoa mwamba na kuiweka meza. Binti alitii. Kazi yake ya pili, tuliyoisoma pia, yaanza na afisa aliyesema, kisha akaongeza, kisha akasisitiza, kisha akabainisha, na mwisho akatoa wito kwa wananchi. Alipata alama ya juu. Pweza ametajwa mara moja.

Msomaji mwenye redio ataitambua sauti hiyo. Ndiyo habari ya kila siku nchini: mkubwa amefungua warsha, amesema, ameongeza, amesisitiza. Hata watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokuwa wakipima ubora wa habari nchini miaka hii ya karibuni, walilalamikia habari zenye msemaji mmoja na habari zinazozaliwa na mikutano tu. Mwandishi hulipwa kidogo, nauli hana, na mkutano una nauli ndani yake; twafahamu. Kwenda Jibondo ni gharama kuliko kwenda hotelini. Lakini chuo hakina shida ya nauli. Chuo kingeweza angaa kumpa alama kijana aliyekwenda.

Sasa twafika kwenye kitabu. Mwaka 1965 mwanamke Mwingereza, Pat Caplan, alifika kaskazini ya Mafia kujifunza maisha ya watu, naye akarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Alimwomba mwenyeji mmoja, ambaye kitabuni anamwita Mohammed, nalo si jina lake halisi, amwandikie daftari la kila siku. Mtu huyu hakuwa mwandishi wa gazeti wala hakupita chuo cha habari, alikuwa mkulima. Aliandika kwa Kiswahili mambo ya shamba, ya maradhi, ya arusi na matanga, ya magomvi ya nyumbani, ya mashetani na waganga. Daftari hilo limo katika kitabu cha Bibi Caplan cha mwaka 1997 kiitwacho African Voices, African Lives.

Tulipokisoma tulistaajabu jinsi yale maswali sita ya mkufunzi yalivyojibiwa na mtu asiyewahi kuyaandikishwa. Siku imo. Mahali pamo. Nani alifanya nini imo, na mara nyingi na kwa nini, kama watu walivyofikiri. Wakubwa wa serikali hawana nafasi kubwa humo, wala hawakosekani. Na sababu yake si kipaji peke yake. Mohammed aliishi na watu aliowaandika. Kesho yake alikutana nao kisimani na msikitini, na uongo ungemrudia. Mwandishi wa mjini akikosea jina la mtu wa Mafia, nani atamfuata? Bahari ni pana.

Lakini tusimfanye mkulima huyu kuwa malaika. Katika magomvi ya nyumba yake tunasikia kwanza masikio yake yaliyosikia na ulimi wake uliosema. Kama kitabu kingeishia hapo, msomaji angalimhukumu mke kwa maneno ya mume. Bibi Caplan alifanya vema alipomtafuta na mke wa zamani, anayeitwa Mwahadia, na binti yao, Subira, akawapa nao nafasi ya kusema. Na habari ikageuka sura. Hilo ndilo somo la pande mbili lililomo katika madaftari ya jirani yetu, na ndilo daftari la mwanakijiji lilikosa. Sisi twakihesabu kitabu hiki kuwa hoja ya kukitetea chuo, ijapokuwa tulikifungua kwa nia ya kukishitaki.

Jambo moja latuuma. Mtu wa Mafia aliandika Kiswahili, na maneno yake yakasomwa London kwa Kiingereza. Watu wa kijiji chake mwenyewe wengi hawawezi kuyasoma. Kitabu cha pili cha Bibi Caplan kimeponya sehemu ya donda hili: Mikidadi wa Mafia, juu ya maisha ya mwanaharakati wa hapa na jamaa yake, kimechapishwa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Tumekiazimisha, na kimerudi kimechakaa, nalo kwa kitabu ni jambo jema. Twauliza kwa nini vyuo vya habari havisomeshi vitabu kama hivi. Katika madaftari yote ya binti hatukukuta hata kimoja. Tulikuta majina ya magazeti ya Marekani.

Imebaki sheria, nayo tutaipita upesi. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka 2017 zilitaka mwandishi awe na stashahada walau, na waliokuwa kazini bila stashahada wakapewa muda wa kuitafuta. Mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ikaanza kutoa vitambulisho. Sababu zilizotolewa si za kupuuzwa. Wako watu waliojiita waandishi wakiwatisha wenye maduka ili wapewe fedha, nao wameichafua kazi. Lakini tukiipima sheria hiyo kwa mizani ya kisiwa hiki, twaona mwenye daftari asingepata kitambulisho, wala walimu wengi waliopeleka barua Mambo Leo wasingepata. Na mtoto wa mwenye ngalawa atakipata kwa kuuza ngalawa. Hatusemi mlango ufunguliwe kwa kila mpita njia. Twasema mlango mmoja, tena wa kulipia, hautaingiza watu wa Jibondo, na habari za Jibondo zitaendelea kuandikwa na watu waliosikia juu yake warshani. Kama vyuo vingepokea kwa muda mfupi, papa hapa visiwani, walimu na wavuvi na akina mama wenye kupenda kuandika, wakawafundisha kashfa na pande mbili na bahasha, na wakawatambua kama wawakilishi wa vijiji vyao, hasara ingekuwa ya nani?

Basi mzee alipokuja kwa jibu, tulimwambia hivi: “Mzee wetu, ulichokinunua kina thamani, lakini ni nusu ya chombo. Wamempa tanga. Mtumbwi yuko nao hapa, nao wamemwambia auache ufukoni.” Akatuuliza kama itampasa auze minazi. Tukamjibu kwamba hilo hatuwezi kumwamulia, ila kama ingekuwa yetu tungekodisha mavuno ya miaka miwili, miti tusingeiuza. Akafikiri, akasema atakodisha.

Binti alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Tulimrudishia madaftari yake, tukamwomba ile kazi ya kwanza ya pweza, yenye wino mwekundu, tuiweke sisi. Alikataa. Alisema ya kuwa muhula ujao watatakiwa kuandika habari ndefu ya kumalizia mwaka, naye ataiandika hiyo hiyo upya; amekwisha kuwauliza akina mama watatu, na kijana mmoja mwenye miwani, na afisa wa uvuvi naye amempa maneno mawili ya maana. “Na bibi?” tukamwuliza. Akasema bibi yumo, na katika mstari wa kwanza ameandika kwamba ni bibi yake.

Juma lililopita alipanda chombo cha Nyamisati alfajiri, na baba yake akamchukulia mzigo hadi gatini.